Kambi Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa. Saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri simu ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate, na maandishi yakatokea: umeondolewa kwenye kundi. Mimi! Msahihishaji wa prufu kwa miaka thelathini na moja, mtu aliyewahi kuzuia gazeti zima lisitoke kwa ajili ya herufi moja ya h. Na aliyeniondoa ni Katibu, ambaye mpaka leo anaandika "hasante".

Chanzo ni ramani. Kundi letu lina watu mia tatu na wanane, wote wa mtaa mmoja, katika mji tulioukimbia miaka thelathini na minne iliyopita. Mtaa wenyewe haupo tena. Wanasema pamepita barabara pana. Kwa hiyo tumekuwa tukiuchora upya kwa kumbukumbu, nyumba baada ya nyumba, kila mtu kutoka huko alikotupwa. Wiki hii tulifika kwa kinyozi. Katibu akakiweka kibanda cha kinyozi mkono wa kushoto ukielekea sokoni. Nikasema kulia. Akasema kushoto. Nikasema, kwa upole kabisa, kwamba enzi hizo Katibu alikuwa na nywele za kufika mabegani, hakuwa na sababu ya kujua kinyozi anakaa wapi. Nikaondolewa.

Sasa nyumba ya tatu kutoka kona itajazwa bila mimi. Watakosea. (Hata mimi siikumbuki nyumba ya tatu, lakini wakikosea nitajua.)

Nikamweleza rafiki yangu Fundi Redio, ambaye amestaafu ila hajaambiwa. Akasema kosa si la Katibu, kosa ni kupanga kwenye nyumba ya mtu. Kampuni moja, funguo moja, wakiamka vibaya wanafunga. Iko mitandao mingine, akasema, isiyo na mwenyewe. Kila jamii inaweka mashine yake mahali pake, kwa kanuni zake, na mashine zote zinaongea, kama majirani wanaosalimiana juu ya ua. Ukichoka na nyumba hii unahamia ile, unabonyeza mara moja tu, na rafiki zako wote unaendelea kuwasikia.

Kubonyeza mara moja! Nikamwambia hicho ndicho kipengele kizuri kuliko vyote.

Nimeamua. Nitaanzisha yetu. Watu watakuja kwa mamia.

Jumanne, 4 Machi

Fundi ameleta kompyuta kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia. Feni yake inakohoa. Tumeiweka kwenye rafu ya chumba cha kupigia pasi, kwa sababu mwanangu ni dobi na nyumba hii yote ni yake, chini kazi, juu vitanda, na mimi katikati nikiwa njiani kila mara.

Mwanangu hakufurahi. Akasema rafu ile aliitaka kwa wanga na viango. Nikamweleza uhuru wa mawasiliano. Akanisikiliza huku akikunja shuka la mtu. Kisha akatoa hukumu: Jumapili saa kumi na mbili jioni atakuja kuhesabu. Wakiwemo watu ishirini, mashine ibaki. Wasipofika ishirini, Baba, wanga unaingia. Ishirini! Nikacheka mbele yake.

Mchana wote nimetafuta neno. Fundi anasema "seva". Sikupoteza macho yangu kwa prufu ili nife nikisema seva. Nikajaribu "kituo": polisi. "Kijiji": sisi tulikuwa watu wa mji, tena wenye taa za barabarani. "Ukumbi": watauliza bibi harusi ni nani. "Zizi": hapana.

Halafu likaja lenyewe. Kambi! Herufi tano, silabi mbili, hata Katibu hawezi kulikosea. Wachezaji huenda kambini wakarudi na vikombe. Nikamsomea Fundi kwa sauti. Alikuwa anakaza skrubu. Alinitazama kitambo kirefu, akafungua mdomo, akairudia skrubu yake.

Wivu, nadhani.

Jumatano, 5 Machi

Nimechapisha matangazo arobaini. Nilisahihisha mara tatu, hayana kosa hata moja. Yanasema:

KAMBI MPYA IMEFUNGULIWA. Njoo ujiandikishe. Wote wanapokelewa. Haina mwenyewe. Ukiingia, hakuna atakayeweza kukutoa. Uliza kwa dobi.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeyabandika yote: mashine ya kusaga unga, zahanati, shule, ukuta wa stendi. Saa tatu nikarudi kungoja.

Saa nne fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alifunga duka. Saa nne na nusu familia ya ghorofa ya juu ilikuwa inashusha godoro. Mwuza mboga, mama ninayemfahamu miaka ishirini, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama safari hii tutaruhusiwa kwenda na sufuria. Nikamuuliza safari gani. Akanionyesha tangazo langu. Akasema yeye miaka yake tisa ya hema inamtosha, akizikwa azikwe hapa hapa kwenye nyanya zake.

Nikasimama pale kama mwizi wa kuku.

Mtaa huu nusu yake ni watu kama sisi. Wametoka huku na kule, lakini wote wamepitia mlango ule ule. Mimi mwenyewe nilikaa kambini miaka sita. Namba yangu ya hema naikumbuka, ya simu siikumbuki. Na nilipolipima neno lile nilipima herufi, silabi na tahajia. Kingine chochote sikupima.

Nimezunguka nikibandua. Mwanangu akanisomea kutoka simu yake kwamba Katibu ametangaza kwenye kundi: watu wasiwe na wasiwasi, hakuna kambi, aliyebandika ni mzee mmoja mwenye kinyongo. Mzee mmoja! Ananizidi miaka miwili.

Nimebandua thelathini na tisa. La arobaini silioni.

Jumamosi wala Jumapili hazijafika, bado nina muda. Wanachama mpaka sasa: mimi na Fundi.

Alhamisi, 6 Machi

La arobaini limeonekana. Au tuseme, limeonwa.

Saa kumi na mbili asubuhi mwanangu alinigongea. Baba, kuna foleni. Nikachungulia dirishani. Watu sitini na mmoja! Wamejipanga ukutani, kila mmoja na picha mbili za pasipoti na bahasha ya vyeti kwenye mfuko wa plastiki. Tayari wameandikana namba viganjani kwa kalamu ya wino. Mbele yao mama mmoja mnene mwenye daftari anasimamia, bila kuteuliwa na mtu, akimrudisha nyuma kila anayejipenyeza. Nimempa jina la Mama Foleni. Wale walioogopa kambi jana walikimbia. Hawa ndio wengine, wanaojua kwamba penye kuandikishwa hapakosi kitu.

Nikatoka na hotuba. Nikasema karibuni nyote. Nikaeleza kuhusu mashine zinazoongea, kuhusu kampuni zinazotumiliki midomo, kuhusu jamii inayojitawala. Walisikiliza vizuri sana. Mama Foleni akainua kalamu, akaomba nifafanue kwa wale wa nyuma: ni blanketi au ni sabuni?

Nikasema si blanketi wala sabuni. Ni uhuru wa mazungumzo.

"Wa kilo ngapi?" akauliza mzee wa namba kumi na saba.

Walitawanyika kwa utaratibu, lazima niseme. Hakuna aliyesukumana. Wengine, kwa kuwa wamekwisha kufika, waliacha nguo za kufuliwa. Mwanangu amepata makapu kumi na manne na anaimba.

Mimi nimeandikisha mmoja. Alikuwa amekuja kuchukua suruali yake, akaona watu wanatia saini, naye akatia. Anaamini ni stakabadhi. Nimemwandika kwa jina la Bwana Suruali. Watatu.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi anashauri niache matangazo, niache majina ya kubuni, nimwambie kila mtu kwa mdomo kitu hiki kinafanya nini. Nikamwambia hiyo si mbinu. Mbinu lazima iwe na hila ndani yake.

Hila yangu: ramani. Nimeanza ramani mpya ndani ya mashine yetu na nimeacha nafasi tupu kwa makusudi. Kisha nikapiga simu na kutembea, kwa kila mtu wa mtaa wa kwetu aliye karibu, nikiwa na swali moja tu: hivi kati ya mwoka mikate na fundi viatu palikuwa na nini? Mtu akianza kujibu namkatiza. Nasema jibu halipokelewi mdomoni, lipeleke ndani.

Mama Foleni naye kumbe ni mtoto wa kule kwetu, binti wa yule yule mwoka mikate! Nilikuwa simjui kwa sababu alikuwa mwembamba. Akasema palikuwa na duka la miavuli. Nikasema, eti kwa bahati mbaya tu, kwamba mtu mwingine amedai ni duka la taa. Mtu gani? Nikasema yumo ndani. Akaingia palepale amesimama, kikapu kichwani, ili akagombane. Akawaita dada zake wawili waje kumsaidia. Dada zake wakawaita waume zao, na watatu niliowapigia simu wakafuata. Kufikia saa tisa tulikuwa kumi na mmoja na wote wanagombana. Raha iliyoje!

Saa tisa na dakika tano mwanangu akawasha pasi kubwa. Mashine ikazimika. Kumbe vitu hivi viwili haviwezi kula umeme wa ukuta mmoja.

Dakika ishirini baadaye Mama Foleni alikuja kwa miguu, jasho linamtoka. "Mzee, shikamoo, lakini umenifungia mlango nikiwa katikati ya sentensi!" Nikamweleza habari ya pasi. Akasema yeye haamini, hiyo ni njama ya watu wa taa.

Tumekubaliana na mwanangu: pasi asubuhi, jamii mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tukufu. Kumi na tisa!

Waliingia mmoja mmoja tangu saa sita. Mmoja yuko nchi ya theluji, anafanya kazi ya kusafisha mabasi. Akasema amekaa ndani ya basi tupu anaitazama ramani yetu na amekumbuka harufu ya mlango wa posta. Hatukuwa hata tumeiweka posta. Tukaiweka.

Kisha akaingia dada yangu. Ana miaka themanini na mmoja, yuko ng'ambo ya mipaka miwili, tumeonana mara tatu tu tangu siku ile tuliyokimbia. Haandiki, anatuma sauti. Sauti yake ikajaza chumba cha pasi, mwanangu akasimama na koti la mtu mkononi. Akasema, jamani, nyumba ya tatu kutoka kona, mbona mnahangaika. Alikuwa yule mwuza saa. Saa zake zote ukutani na kila moja na wakati wake, na ukiuliza saa ngapi anakujibu, wewe unataka ya ngapi?

Mara wote kwa pamoja. Ndiye! Ndiye! Hata Mama Foleni aliacha miavuli yake.

Nilivua miwani. Mvuke wa pasi, unaingia machoni. (Pasi ilikuwa imezimwa. Basi.)

Jamii inayokua inahitaji sheria. Nimeketi nikaandika kanuni, vifungu arobaini na saba. Kifungu cha tisa ndicho moyo wake: hakuna ujumbe utakaoonekana kabla sijausahihisha. Mama Foleni aliandika "habari za asubui wapendwa". Nikamrudishia na alama nyekundu mbili, na maelezo kwamba hata hivyo ni saa kumi jioni. Sasa zipo jumbe themanini na nne zinanisubiri. Kazi ni nyingi lakini nani mwingine aifanye?

Kisha mgeni. Katibu! Mlangoni, kofia mkononi. Nilimwacha asimame kidogo. Akasema kundi lake limefungwa. Ameamka hakuna kitu. Kampuni haikutoa sababu, haina mtu wa kuongea naye, kuna mashine tu inayosema asante kwa uvumilivu wako. Watu mia tatu na saba, picha, sauti za waliokwisha kufa, ramani yote mpaka kwa kinyozi. Alipotaja sauti za waliokufa alitazama chini. Akaniomba aingie kwetu.

Wa ishirini! Kesho ndiyo mwisho, na wa ishirini amekuja kwa miguu yake!

Nikampa kanuni atie saini. Akasoma vizuri mpaka kifungu cha thelathini na moja: kila anayeingia anakiri kwamba kinyozi alikuwa kulia. Akakisoma mara mbili. Akavaa kofia.

"Mzee mwenzangu," akasema, "hemani nimelala, njaa nimelala nayo, lakini kinyozi simhamishi."

Akaenda. Atarudi. Ataenda wapi?

Jumapili, 9 Machi

Ameenda kwenye mashine ya kusaga unga. Ndiko alikokwenda.

Saa tatu asubuhi nimepata habari kwamba nyuma ya magunia pale sasa kuna kompyuta kuukuu nyingine, na aliyeifunga ni Fundi Redio! Rafiki yangu! Saa sita walikuwemo watu mia moja na arobaini. Wale wa kundi lililofungwa wanamiminika, wanaitana kwa majina ya utotoni.

Na wangu wanahama. Kubonyeza mara moja tu. Ni kipengele cha hovyo kabisa, sijui nani alikibuni. Mama Foleni amewapangia foleni ya kuondoka, kwa namba, wazee kwanza. Aliniachia ujumbe wa kuaga wenye makosa saba, kwa makusudi, maana makosa mengine hayawezi kutokea kwa bahati mbaya. Bwana Suruali naye amehama, akauliza kama suruali itamfuata kule kule.

Nikamwendea Fundi nikamwita msaliti. Hakukasirika. Akasema, si ulitaka watu waje kwenye mitandao isiyo na mwenyewe? Wamekuja. Watu mia moja na arobaini kwa asubuhi moja. "Umefaulu, ndugu yangu, ila si kwako." Nikamwambia huko ni kucheza na maneno, na maneno ni idara yangu.

Jambo la kuudhi zaidi: nawasikia wote. Ndivyo mashine hizi zilivyo, yangu inasalimiana na yao juu ya ua. Nimekaa peke yangu kwenye chumba cha pasi na mtaa mzima unapita mbele yangu, wanacheka, wamefika uwanja wa shule. Katibu ameniandikia kwamba nafasi yangu ipo, nije tu, hakuna kanuni. Ameweka mkato pasipotakiwa.

Saa kumi na mbili kamili mwanangu alikuja kuhesabu. Nikasimama mbele ya mashine. Akanisogeza. Akasoma kwa sauti: Baba. Shangazi. Basi.

Ndiyo, dada yangu hakuhama. Amesema hawezi kumwacha mdogo wake peke yake gizani.

Mwanangu aliichezesha sauti ile mara mbili. Akaniuliza kama mimi huhesabu watu ninaozungumza nao au watu ninaowatawala. Swali lenye utata. Mwishowe akasema, haya. Sauti ya shangazi inamfanya akunje nguo bila kuumwa mgongo. Shangazi akiwemo, mashine inabaki na mtaa nitaendelea kuusikia. Shangazi akitoka, mashine inatoka siku hiyo hiyo, na mimi nitafute burudani nyingine.

Nimekubali kwa moyo mweupe. Mtu mmoja tu! Bibi wa miaka themanini na mmoja, mpole, anayenipenda. Nani atashindwa hapo?

Jumatatu, 10 Machi

Mchana mwema. Pasi imepoa, utulivu, feni inakohoa. Kule kwa Katibu wamemaliza mtaa wote isipokuwa nyumba moja, ya kwetu. Wameiacha wazi kwa heshima, wakaomba mimi na dada ndio tuijaze. Nilisoma ombi lao mara tatu. Halikuwa na kosa lolote, nadhani Katibu alimpa mtu alipitie.

Tukaanza vizuri. Ngazi mbili, tukakubaliana. Dirisha la jikoni lisilofungika, tukakubaliana. Mkeka wa Mama ulikokuwa, tukakubaliana.

Kisha dada akasema mlango ulikuwa wa kijani.

Mlango ulikuwa wa buluu. Nikamwambia hivyo. Akasema kijani, mdogo wangu wee, kijani kama jani la mgomba. Nikasema buluu, mimi ndiye niliyeshika kopo la rangi. Akasema alinibeba mgongoni kuingia mlango ule kila siku ya Mungu kwa miaka miwili. Nikasema mtu aliyebeba mtoto hutazama miguu yake, hatazami mlango. Akacheka. Sauti ya sekunde nane, kicheko kitupu! Halafu akasema tena, polepole, kama mtu anayenifundisha kusoma: ki-ja-ni.

Nimefikiri kwa makini. Nimekunywa maji. Nimetazama kanuni, kifungu cha kumi na mbili, upotoshaji wa makusudi wa ramani, na adhabu yake ni moja tu. Sheria isiyomgusa ndugu si sheria. Kumbukumbu ya mtaa ni kubwa kuliko mimi, ni kubwa kuliko rafu.

Nimemwandikia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Nikasubiri marahaba. Ilipofika, nikamtoa.